Gari Lililoshikiliwa

Mtu yule aliingia kwetu Jumanne asubuhi na mitungi miwili ya gesi juu ya mkokoteni wa punda, akauliza gari la marehemu liko wapi. Hakuuliza kama lipo. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya jikoni nikiambua njegere. Nilisimama na bakuli mkononi nikamuuliza yeye ni nani.

"Isaack, wa Majengo, Meru mjini. Nanunua vyuma chakavu," alisema. "Mzee Mithika aliniambia nije nikate hiyo pikapu. Alisema mama amekubali."

Nyuma yangu mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimgeukia. Aliitazama mitungi, kisha akatazama mikono yake.

"Nilisema wafanye wanavyotaka," alisema. "Nimechoka kuulizwa."

Pikapu ilikuwa nyuma ya jiko chini ya mti wa mukima, pale pale baba alipoiacha miaka mitatu iliyopita siku aliyoumwa kifua akaenda hospitali kwa gari la jirani. Haikuwa imekufa. Kila likizo niliporudi kutoka chuo kikuu niliazima betri nikaiwasha, na injini ilinguruma mpaka kuku wakakimbia. Lakini haikutembea. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limekaza kama limepandwa ardhini. Nilipoachilia klachi, lile la kulia lilizunguka peke yake na kuchimba udongo. Baba mdogo Mithika, ambaye ni mzee wa kanisa na anapenda kueleza mambo, alilionyesha lile shimo kwa fimbo yake mbele ya watu akasema, "Mnaona? Kaka yangu Riungu ameishikilia. Na anajichimbia."

Tangu siku ile jambo hilo likawa la kweli. Watu waliopita njiani kutoka shamba la ngano la jirani walipunguza sauti wakifika kwetu. Ilisemwa kwamba marehemu hataachilia mpaka gari liondolewe, na kwamba mjane akiendelea kuliweka, na yeye atashikwa.

"Halitakatwa," nilimwambia Isaack.

"Dada, mimi nimetumwa."

"Na mimi sikutumwa. Nakaa hapa."

Alicheka kidogo, akaketi kwenye ukingo wa mkokoteni. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, ndevu zimeanza mvi, na alikuwa amevaa makoti mawili kwa sababu ya baridi yetu ya Timau. "Sasa wewe utaifanyia nini? Kufugia kuku?"

Nilimwambia. Labda sikupaswa kumwambia mgeni, lakini nilikuwa nimelala na jambo lile miezi tisa, tangu nilipomaliza digrii ya historia na kurudi nyumbani kungoja kupewa kazi ya ualimu. Kwetu viazi havikosi. Kinachokosekana ni njia ya kuvifikisha Meru. Kwa hiyo anakuja Bundi, dalali, na lori lake, na anataka lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomo, halafu linashonewa wavu juu na kujazwa tena mpaka linasimama kama mtu mwenye kilemba, na bado linaitwa gunia moja. Mama yangu alikuwa akilima magunia matatu ili auze mawili. Mimi nilitaka tupeleke viazi wenyewe, katika magunia yaliyoshonwa mdomoni.

"Historia," alisema Isaack. "Walikufundisha hiyo habari ya lumbesa?"

"Hawakunifundisha."

"Basi wamekula karo yako bure."

Baba mdogo alifika wakati huo, fimbo mkononi, akapandisha sauti kabla hata ya kusalimu. Alitaka kujua kwa nini moto haujawashwa. Nilimwambia kwa heshima kwamba gari halijashikwa na mtu, limeshikwa na kutu, na kwamba nitalifungua.

"Wewe? Na nini, na kalamu?" Aligeukia mama. "Mama Karwirwa, huyu mtoto wako amesoma mpaka akapitiliza. Kutu gani inakaa upande mmoja? Magurudumu manne, mvua moja, halafu kutu ichague?"

Swali hilo lilikuwa zuri. Hata hivyo nilisema, "Nipe mpaka Alhamisi jioni, baba mdogo. Lisipotoka kwenye lile lango kwa magurudumu yake, nitamshikia Isaack taa akilikata."

"Alhamisi," alisema Isaack kabla mzee hajanijibu. "Nina vyuma vingine vya kukusanya hapa Timau. Siku mbili si kitu kwangu."

Baba mdogo aligonga fimbo chini. "Basi mngojeni marehemu amalize kucheka."

Siku ile nilifanya kazi peke yangu. Nililaza mawe kwenye magurudumu mengine, nikatoa spana na glavu za baba chini ya kiti, nikaanza na nati za gurudumu kabla ya kuinua jeki, kama alivyonionyesha zamani. Zilikuwa tano. Nilizimwagia mafuta ya taa nikangoja. Nikachomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, nikaukanyaga, nikaurukia. Nati ya kwanza ililia kama paka. Mpaka jioni zilikuwa zimelegea nne. Ya tano ilikuwa imelika kona. Spana iliizunguka bila kuishika, nami nikaanguka mara mbili na kuchubuka goti.

Jumatano nilikuwa bado nayo Isaack alipopita na mkokoteni wake, umejaa mabati, jembe la trekta lililovunjika, na vitanda vya chuma. Alisimama akanitazama nikining'inia kwenye bomba.

"Msomi, hiyo nati inakuchekea."

"Wacha icheke."

"Hapana. Sogea." Alishusha mtungi, akawasha mdomo wa gesi mpaka ukawa na ulimi mdogo wa buluu, akaichoma nati pembeni bila kugusa tairi. Ilipoanza kuwa nyekundu alizima, akatoa kipande cha nta ya nyuki mfukoni akaikandamiza juu yake. Nta iliyeyuka ikatoa moshi, ikazama ndani. "Hii natoa kwa watu wa Mbeere. Mafuta ya taa hukaa nje kama mgeni. Nta ikikuta joto, inaingia mpaka chumba cha kulala." Kisha alipiga spana ndogo zaidi juu ya ile nati kwa nyundo mpaka ikauma, akanipa bomba. "Polepole. Ukisikia imekubali, usifurahi. Rudisha kidogo, halafu endelea."

Ilikubali. Sikufurahi, kama alivyoniambia, mpaka ilipotoka yote.

Tuliinua gari kwa jeki, tukaondoa gurudumu. Chini yake kulikuwa na dramu, lile bakuli zito la chuma linalofunika breki, limekuwa jekundu kwa kutu. Nililigonga, lilitoa sauti ya kitu kilichojaa. Isaack alilala chini ya gari na makoti yake yote mawili, akapapasa. Alipotoka alikuwa amekunja uso.

"Hendibreki iko chini?"

"Nimeishusha leo asubuhi."

"Juu umeishusha. Huku chini kebo imekaza kama uzi wa gitaa. Upande wa kulia ilikatika zamani, ndiyo maana ile inazunguka. Lakini hii ya kushoto," alisema akipangusa mikono, "nani aliivuta hivi? Hii haikuvutwa na mtu mmoja siku moja."

Mama alikuwa ameleta chai. Aliweka vikombe juu ya jiwe. Nilidhani anaondoka, lakini alisimama pale na sinia ubavuni.

"Ni mimi," alisema.

Nilishusha spana chini.

"Baba yako hakukosa kusema, kila aliposimamisha gari hapa. 'Ciakuthii,' ananiita, 'huu mteremko hausahau mtu, vuta breki.' Hata siku ile akiumwa aliniuliza kama imevutwa. Kwa hiyo nikavuta. Kila Jumapili nikitoka kanisani ninaipangusa, halafu navuta. Mwanzoni ilikuwa inalia, mlio mmoja kila wiki. Baadaye ikaacha kulia nikawa navuta tu, kwa mikono miwili." Alitazama kioo cha mbele, ambapo karatasi ya bima ilikuwa mpya. Nilikuwa sijaiona. Alikuwa ameilipia kila mwaka, gari lisilotembea. "Niliogopa litateremka. Sikujua naliua."

"Hujaliua, mama," nilisema.

"Mithika anasema ni Riungu. Nami nilimwacha aseme. Ilikuwa afadhali kusikia kwamba ni yeye ameshika."

Isaack alikunywa chai yake yote bila kupumzika, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Mama," alisema, "ile kebo ikatwe. Ikifunguliwa kwenye nati itachukua wiki. Una msumeno wa chuma?"

Ulikuwepo. Nilienda kuuleta, na niliporudi mama alikuwa amevua kanga ya kichwani, amelala ubavu chini ya gari. Alinyoosha mkono nikampa. Alikata yeye mwenyewe. Ilichukua muda, maana msumeno ulikuwa butu, na kila nilipotaka kumpokea alisema, "Bado." Kebo ilipokatika iliruka ikagonga sakafu ya gari. Mama alitoka amejaa vumbi jekundu usoni na akaenda kukama ng'ombe.

Nilipobaki na Isaack aliniambia ukweli mwingine. Alikuwa amekubaliana na mwenye lori aje kuchukua pikapu iliyokatwa pamoja na vyuma vingine. Bila pikapu mzigo ulikuwa mdogo, na yule mtu hangepanda Timau kwa nusu ya mzigo. Lori jingine, la kwenda Nairobi, lilikuwa linapakia Majengo Ijumaa saa tatu asubuhi. Akilikosa, ni kungoja tena wiki mbili, na vyuma vyake barabarani vikiibwa.

"Sasa kwa nini unanisaidia?"

Alifikiri. "Kazi ya kukata ni rahisi sana," alisema. "Inachosha."

"Gari likitembea, nitakubebea vyuma vyako mimi. Ijumaa, kabla ya saa tatu, uko Majengo."

"Usiahidi na gurudumu moja chini, dada."

"Nimeahidi."

Alhamisi watu walikuwa wengi. Habari ya msumeno ilikuwa imefika mbali. Baba mdogo alileta kiti chake. Bundi dalali naye alisimamisha lori langoni akaja kutazama, mikono mfukoni, maana siku ile ile mama alikuwa akivuna viazi na yeye alijua vitaishia kwake nikishindwa.

Isaack hakushika kitu. Alisema dramu ni yangu. Aliniambia tu mahali pa kutazama. Nyuma, kwenye sahani ya chuma, kulikuwa na kitundu kidogo kilichozibwa kwa tope. Ndani yake kulikuwa na gurudumu dogo lenye meno. Nilipenyeza bisibisi nikalirudisha nyuma, jino kwa jino, ili vipande vya breki vilivyo ndani vijikunyate. Mbele, kwenye uso wa dramu, alisema kuna matundu mawili yenye nyuzi za bolti.

"Sioni."

"Yapo. Aliyeitengeneza alijua siku moja itakataa. Kwaruza."

Nilikwaruza kwa msumari. La kwanza lilitokea, kisha la pili upande wa pili, yamejaa kutu iliyoshindiliwa. Niliyasafisha, nikayapaka nta, nikaingiza bolti mbili.

"Mwari," alisema baba mdogo kutoka kitini, "sasa unaongeza bolti au unatoa?"

Watu walicheka. Ilikuwa kweli, kwa macho nilikuwa nikikaza. Bolti zilipita ndani ya dramu zikafika kwenye habu, kitovu cha gurudumu, nyuma yake, na kila nilipozikaza zilisukuma dramu nje. Robo ya mzunguko huku, robo kule, halafu nyundo kwenye ukingo, juu ya kipande cha mti. Robo huku, robo kule. Bundi alisema, "Mama Karwirwa, niite wavulana waanze kushona wavu?" Mama alikuwa shambani, mita kama arobaini hivi, hakuinua kichwa.

Bolti zikawa nzito. Nilivuta mpaka nikaona nyota. Isaack alichuchumaa karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Usiongeze nguvu. Iache ifikirie." Niliziacha. Nikapiga nyundo mara moja, si kwa hasira.

Dramu ilitoka kwa mlipuko, ikanipita magotini, ikaanguka ikazunguka kwenye majani na kutapika vumbi la kutu. Baba mdogo alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Mwanamke mmoja alishika kifua.

"Ameachilia," alisema baba mdogo. Alikuwa amevua kofia. "Riungu ameachilia."

"Riungu hakushika kitu." Mama alikuwa amekuja, udongo mpaka kwenye viwiko. Aliongea kwa sauti ambayo huitumia kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Ni mimi nilivuta breki miaka mitatu. Shemeji, umekuwa ukiwaambia watu mume wangu anajichimbia kaburi nyuma ya jiko langu. Mbele ya hawa hawa watu, nakuambia, si yeye. Ni mimi, na ilikuwa breki."

Baba mdogo alirudisha kofia kichwani. Aliinua kiti chake. "Mngesema," alisema hatimaye.

"Sasa nimesema."

Nilisugua kila kitu kwa msasa, nikakirudisha, nikaongeza maji ya breki, nikapiga pedeli mpaka ikawa ngumu. Saa kumi jioni niliondoa mawe. Pikapu iliteremka yenyewe hatua mbili, laini kabisa, nikaikamata kwa breki ya mguu, nikawasha, nikatoka nayo langoni. Nililipita lori la Bundi. Sikupiga honi, ingawa nilitaka.

Nilipogeuza na kurudi, mwalimu mmoja aliyekuwa akitoka Meru alikuwa akiningoja na karatasi iliyokunjwa. Ilitoka kwa Alice, tuliyesoma pamoja, ambaye sasa anasimamia stoo ya shule moja ya bweni huko mjini. Nilikuwa nimemwandikia mwezi mzima uliopita. Alisema shule itachukua magunia yetu yote kumi, ya kawaida, kwa mizani, na tukiyapeleka vizuri itachukua tena kila muhula. Lakini iwe Ijumaa kabla ya saa nne. Baada ya hapo stoo inafungwa, na wiki ijayo mkuu wa shule atampa mtu mwingine kazi hiyo.

Niliisoma mara tatu. Pikapu ile haikuweza kubeba vyuma na viazi pamoja. Springi zake zimezeeka. Kutoka kwetu mpaka mjini ni zaidi ya saa moja na nusu kwa mwendo wake. Hakukuwa na safari mbili kabla ya saa nne, hata ningeondoka na jogoo.

Mama aliipokea karatasi, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho. Magunia kumi yalikuwa yamesimama mstari mmoja kando ya jiko, midomo imeshonwa sawa.

"Yule mtu ni wa vyuma," alisema. "Vyuma haviozi."

"Lori lake linaondoka saa tatu."

"Na stoo inafungwa saa nne." Alinirudishia karatasi. "Viazi ni vyangu, Karwirwa. Si vyako kuahidi."

"Sikuahidi viazi. Niliahidi gari."

"Gari pia ni langu."

Mama alikaa juu ya gunia akavua viatu, akakung'uta udongo. Alitazama mahali ambapo pikapu ilikuwa imekaa miaka mitatu, majani yake yamekuwa ya njano.

"Ulimwambia kabla gurudumu halijatoka, au baada?"

"Kabla ya dramu."

"Kumbe ulimwahidi kitu ambacho hukuwa nacho." Alivaa viatu. "Na yeye akaamini. Basi mpelekee."

Ijumaa kulipopambazuka nilipakia vyuma na Isaack kule sokoni Timau, nikapita kwetu kuongeza maji kwenye rejeta. Bundi alikuwa amekwisha kufika na wavu wake na watu wawili.

"Mama, mtoto amebeba skrapa, wewe umebaki na viazi," alikuwa akisema. "Kesho mvua. Mimi sikulazimishi. Naongeza wavu tu, tunamalizana."

Mama alikuwa ameketi juu ya gunia la katikati na ukindu mapajani, akisuka kiondo. "Magunia yamefungwa, Bundi."

"Yataoza hapa."

"Yataoza yakiwa yamefungwa."

Isaack, aliyekuwa kando yangu, alisikia yote. Aliniuliza viazi vile vilikuwa viende wapi, na kwa kuwa sijui kusema uongo, nilimwambia. Tulipofika Subuiga alisema, "Ungeniambia jana."

"Ungesema nini?"

"Ningesema nenda na viazi."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Tuliingia Majengo saa tatu kasoro dakika kumi. Lori la Nairobi lilikuwa bado limeegeshwa karibu na msikiti, dereva wake akila mandazi. Nilisimamisha, nikashuka, nikaweka jiwe chini ya gurudumu la kushoto na lingine chini ya lile la kulia, nikafungua mlango wa nyuma. Isaack alipanda juu akaanza kunipitishia: mabati kwanza, vitanda, jembe la trekta ambalo tulilishika wawili. Saa ya msikiti ilipoonyesha saa tatu na robo, kipande cha mwisho kilikuwa kimeingia kwenye lori. Stoo ya Alice ingefungwa saa nne na magunia yetu yalikuwa bado Timau, na mimi bado nilikuwa na glavu za baba mikononi.